Kikohozi Tulichokificha

Mamangu alipopangiwa kupasuliwa mawe ya nyongo, nyumba nzima iliogopa kisu. Tuliogopa damu, na zaidi tuliogopa nusu kaputi, asije akalala asiamke. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyawaza mapafu, kwani mapafu na nyongo vina ujamaa gani? Kisu kilipita salama, alhamdulillahi, na jioni ile ile aliamka akaomba maji. Siku ya tatu ndipo alipotaka kututoka, na kilichotaka kumtoa kilikuwa kifua.

Nasimulia haya kwa idhini yake. Nilipomwomba ruhusa alinyamaza kidogo, kisha akanipa sharti: nikiandika aliyoyafanya yeye, niandike na niliyoyafanya mimi.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mamangu alikaanga mahamri ya kuuza. Aliamka saa tisa za usiku, akawasha seredani mbili katika jiko letu la Majengo, chumba chenye kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Makaa yalipokuwa mabichi aliyachochea kwa vijiti, kwa maboksi, na kwa tone la mafuta ya taa. Sisi watoto tulikuwa tukiamkia kikohozi chake kabla ya adhana ya alfajiri. Tulikizoea hata hatukukiita ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha moshi, na moshi ndio uliotusomesha, kwa hiyo hatukuona haja ya kuulalamikia.

Siku ya upasuaji ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara moja kwa sababu ya fedha na mara nyingine kwa sababu zao wenyewe pale hospitalini. Hatimaye michango ya jamaa ikatimia, na ndugu yangu anayefanya kazi Muscat akapata likizo ya wiki tatu. Tulipokuwa tukihesabu siku, ikaingia arusi ya binti wa mjomba. Mamangu hakosi arusi. Alirudi na mafua, na baada ya siku mbili akawa anatoa balghamu ya manjano.

Tulipokwenda kuonana na mtaalamu wa nusu kaputi, aliuliza maswali kwa utulivu, kalamu mkononi. Ana pumu? Ameugua mafua au kifua mwezi huu? Ana kikohozi cha muda mrefu? Mamangu akanitazama. Nami nilijua maana ya mtazamo ule: tukisema ndiyo, tarehe itasogezwa tena, ndugu yangu atarudi kazini, na waliochanga wataanza kuuliza fedha zao ziko wapi. Nikajibu mimi. "Hapana daktari, ni mzima. Ni mawe tu yanayomsumbua."

Akauliza kama mama huvuta sigara. Hapo nilicheka kidogo, nikasema la, hajapata kushika sigara maishani mwake. Jibu lile lilikuwa kweli, na bado lilimdanganya daktari, maana hakuuliza habari za jiko na mimi sikumwambia. Swali la sigara huwanasa wanaume. Sisi wanawake tulioinama juu ya makaa miaka na miaka hupita katikati ya matundu ya wavu huo, na ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka wa 2020 pekee, na kina mama na watoto ndio wanaouvuta zaidi.

Asubuhi ya upasuaji shangazi alikuja na chupa ya uji, ati amtie mgonjwa nguvu. Sista aliiona, akaichukua upesi na kuiweka mbali. Nusu kaputi huulegeza mwili wote, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni bila mgonjwa kujua. Tuliona sista ni mkali. Leo namwombea dua.

Kisu kilipita chini ya mbavu za kulia. Kwa wengi siku hizi nyongo hutolewa kwa vitundu vidogo, lakini yake ilikuwa imeshikamana, ikabidi wafungue. Kazi tuliyodhani ni ya saa moja ilichukua karibu saa tatu.

Niruhusuni niwaeleze kinachotokea kifuani wakati huo, kama nilivyokuja kuelezwa mimi baada ya kuchelewa. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo, ambao hushuka tunapovuta pumzi na kupanda tunapoitoa. Mtu akilala chali katika nusu kaputi, msuli huo hulegea na tumbo huusukuma juu. Sehemu za chini za mapafu zikakosa nafasi, na vile vifuko vidogo vya hewa vikasinyaa kama puto lililotolewa upepo. Wakipiga picha wanaona hali hiyo karibu kwa wagonjwa tisa katika kumi. Kwa wengi hupita yenyewe wakiamka, wakikaa, wakivuta pumzi ndefu. Lakini mwenye kidonda chini ya mbavu kila pumzi humchoma, kwa hiyo huvuta pumzi fupi za juujuu. Akihisi kikohozi hukizuia. Balghamu hutulia chini, vijidudu hupata makao, na hapo ndipo nimonia inapoingia.

Basi tazameni tuliyoyafanya sisi kwa mapenzi.

Siku ya kwanza sista alikuja akasema mama aketi kitini. Tukamzunguka sote, wanawake wanne, tukamsihi, "Mwache apumzike, sista, kapasuliwa jana tu." Mama akikohoa, tulimshika mkono tukamwambia, "Usikohoe mama, mshono utafumuka." Naye akawa anakimeza kikohozi, machozi yakimtoka. Walipomletea sindano ya kupunguza maumivu alikataa, akasema atasubiri, nasi tukamsifu kwa ustahimilivu wake. Sikujua kwamba dawa ile ya maumivu ndiyo ambayo ingemwezesha kuvuta pumzi. Shangazi alimfunika blanketi mbili na kumlaza chali, sawasawa kabisa, mto mmoja mwembamba. Na wageni wakaja, kwa kuwa kwetu mgonjwa asiyetazamwa huonekana hana watu. Walikuja na watoto, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa bado wanapiga chafya za arusi ile ile.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu nilikuwa mimi niliyelala naye. Niliamshwa na pumzi zake. Zilikuwa za haraka, fupi, kama za mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nyingi. Mwili ulikuwa moto. Nilipowasha taa ya simu niliona midomo yake imebadilika rangi, nikakimbia kumwita sista bila mtandio kichwani, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nibaleghe. Kile kipimo cha kidoleni kilisoma 86. Wakamwinua, wakamtia oksijeni, na kulipokucha wakampiga picha ya kifua. Daktari aliinyanyua kwenye mwanga akatuonyesha: upande wa kulia, chini, palikuwa peupe mahali ambapo palitakiwa kuwa peusi.

"Alikuwa na kikohozi kabla?" akauliza.

Ndugu yangu alinitazama. Sikuweza kusema hapana mara ya pili. Nikamweleza yote, mafua ya arusi, balghamu ya manjano, na miaka ya seredani. Hakunifokea. Alisema tu kwamba lau angejua angengoja wiki kadhaa kifua kisafike, na kumpa mama mazoezi ya pumzi mapema, kwa kuwa yale mawe hayakuwa ya dharura. Kisha akaandika dawa. Afadhali angenifoka.

Katika siku zilizofuata, nilipokuwa nimekaa nje ya wadi nikisubiri saa ya kuingia, ndugu yangu alinitafutia habari na nikazisoma kwenye simu hadi chaji ikaisha. Madaktari wa Catalonia, Hispania, waliwafuatilia wagonjwa 2,464 waliopasuliwa katika hospitali 59, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2010. Mmoja katika kila ishirini alipata matatizo ya mapafu. Miongoni mwa waliopata, karibu mmoja katika watano alifariki ndani ya siku 30, na miongoni mwa wasiopata hawakufika hata mmoja katika mia. Nilikisoma kifungu hicho mara mbili, kisha nikasimama nikatembea mpaka getini na kurudi.

Waliorodhesha mambo saba yanayoashiria hatari: umri wa kuzidi miaka 50, na zaidi ya 80 ndiyo mbaya zaidi, oksijeni iliyo chini kabla ya kupasuliwa, ugonjwa wa kifua au mafua katika mwezi uliotangulia, upungufu mkubwa wa damu, kisu cha kifuani au cha juu ya tumbo, upasuaji wa kuzidi saa mbili, na upasuaji wa dharura. Mamangu ana miaka 63. Nilihesabu kwa vidole, nikafika manne. Matatu kati ya hayo hakuna aliyeweza kuyabadilisha: umri, mahali pa kisu, na saa zilizotumika. Lile moja lililobaki, la mafua, lilikuwa mikononi mwangu. Wataalamu wengine huongeza sigara, maradhi sugu ya mapafu, unene uliokithiri, ugonjwa wa moyo, udhaifu wa lishe, na wale wanaokoroma hadi pumzi ikakatika usingizini. Hilo la kukoroma mume wa mtu halisemi kwa sababu halijui, na mke halisemi kwa sababu ya haya.

Aliyemrudisha mamangu, baada ya Mwenyezi Mungu na dawa, alikuwa binti mdogo wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mwenye sauti ya upole na mikono isiyojua huruma. Alitutoa nje sote, kisha akaniita mimi peke yangu nirudi nijifunze. Alimkalisha mama ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akampa mto akumbatie juu ya kidonda. "Sasa mama, vuta pumzi polepole mpaka ndani kabisa. Ishikilie. Hesabu tatu. Iache. Tena." Baada ya pumzi kadhaa akamwambia abane mto na akohoe.

"Mwanangu, utaniua," mama akasema. "Nimezaa sita, sijauona uchungu kama huu."

"Hao sita uliwasukuma, mama. Na hii isukume."

Nikamuuliza kwa siri juu ya mshono. Akanieleza kuwa tumbo hushonwa tabaka kwa tabaka, na mto ukibanwa vizuri kikohozi hakiufumui. Balghamu iliyobaki ndani ndiyo ya kuogopwa. Akanitengenezea chupa ya maji ya plastiki yenye mrija, maji yakiwa kiasi cha vidole vichache tu, ili mama apulize mapovu polepole. Upinzani ule mdogo wa maji huzuia vifuko vya hewa visisinyae.

Shida ilikuwa kumkumbusha, maana maumivu humfanya mtu asahau kwa makusudi. Mama mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alikuwa amekwisha kusali akiwa amelala tangu siku aliyopasuliwa, kwa ishara ya kichwa. Akasema, "Kila ikifika swala mniketishe, nivute pumzi zangu kumi kabla ya takbira." Basi adhuhuri ikawa na pumzi zake, na alasiri, na maghrib. Siku ya sita alisali akiwa juu ya kiti. Siku ya nane alitembea hadi mwisho wa wadi akishikilia mkono wangu na mtungi wa oksijeni ukivutwa nyuma yetu, na wanawake wa vitanda vingine wakampigia vigelegele mpaka sista akaja kutunyamazisha.

Nilikuja kusoma baadaye kuhusu utafiti mmoja wa Australia na New Zealand, uliochapishwa mwaka wa 2018. Wagonjwa 441 waliokuwa wakingoja kupasuliwa tumbo upande wa juu waligawanywa mafungu mawili. Wote walipewa kijitabu, lakini fungu moja liliongezewa somo la nusu saa na mtaalamu wa mazoezi kabla ya siku ya kisu: namna ya kuvuta pumzi na kukohoa, na kwa nini waanze mara tu wakiamka. Matatizo ya mapafu yakapungua kwa nusu katika fungu hilo. Nusu saa! Sisi tulitumia siku nzima kubishana mama achukue dera gani hospitalini.

Alitoka baada ya wiki tatu. Siku aliporudi, jirani zetu walikuwa wamekwisha kuwasha chetezo ili kumpokea kwa udi, na ikanilazimu kukitoa nje mimi mwenyewe mbele ya watu wazima. Wengine walinuna. Ndugu yangu alikuwa amesharudi Muscat, lakini kabla ya kuondoka alimlipa fundi kutoboa dirisha la pili jikoni, na akanunua jiko la gesi. Mama anadai mahamri ya gesi hayaumuki vizuri. Si kweli. Nayala kila asubuhi. Hata hivyo, miezi minane imepita na bado akipanda ngazi za ghorofa ya kwanza husimama katikati, mkono ukutani, akijifanya anatafuta funguo.

Nisingeandika haya lau si shangazi. Yeye naye amepangiwa upasuaji, wa uvimbe wa kizazi, na shangazi ana siri ambayo wanawake wote wa nyumba yetu wanaijua na wanaume hawaijui. Tangu alipofiwa na mumewe huvuta sigara darini, usiku, chini ya kamba za nguo. Alikuja kumwuliza mama kama nusu kaputi inauma. Mama akamjibu swali jingine.

"Wifi, utamwambia daktari?"

"Nimwambie nini mbele ya mwanangu? Ndiye anayenipeleka."

Mama akafungua vifungo vya juu vya dera lake, akamwonyesha kovu, kisha akamwambia habari ya usiku ule wa siku ya tatu ambao shangazi hakuwapo. Alimwambia namna hewa ilivyokuwapo chumbani na yeye haipati. Sijapata kumsikia akiisimulia kabla ya siku hiyo.

Nilichoweza kuongeza mimi ni kidogo. Nilimweleza kwamba mgonjwa anayo haki ya kuzungumza na daktari au sista faraghani, bila mume, bila mtoto, bila mimi, na kwamba analoandikiwa katika faili lake si la kutangazwa. Nilimweleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka wa 2020, linasema anayeacha sigara wiki nne au zaidi kabla ya kupasuliwa hupunguza hatari, na kila wiki inayozidi hapo humwongezea kheri. Hata aliyebakiwa na siku chache aache. Shangazi alikuwa na wiki saba. Alihesabu kwa tasbihi, akasema atajaribu, akatupa pakiti yake katika pipa letu. Kesho yake mama aliichungulia kama bado imo. Ilikuwamo.

Jumanne iliyopita nilimsindikiza kliniki pamoja na mwanawe. Daktari alikuwa mwanamke, mwenye miwani iliyoshuka puani. Alianza na maswali yale yale niliyoyajua kwa mpangilio wake. Pumu? Mafua mwezi huu? Kikohozi? Shangazi akajibu vizuri, na akataja mwenyewe jiko lake la kuni la zamani la Kisauni, bila kuulizwa.

"Unavuta sigara, mama?"

Kimya. Nikamgeukia binamu yangu, nikamwomba ashuke atuletee maji ya kunywa, ya baridi, na ya chupa kubwa. Alinishangaa kwa kuwa mapipa ya maji yalikuwa mlangoni, lakini ni kijana mwenye adabu. Akaenda.

Mlango ulipofungwa, shangazi aliuvuta mtandio wake mpaka kidevuni. "Tano kwa siku," akasema. "Miaka kumi na mbili. Nimeacha tangu Jumatano ile, siku ya ishirini leo."

Daktari akaandika. Hakuinua hata uso.